Kasala ya Mashini Kuukuu

Waluba wakimwimbia mtu kasala hawaanzi na mali yake. Wanaanza na waliomzaa, na waliowazaa waliomzaa, jina juu ya jina, mpaka anayesifiwa anyooshe mgongo hata kama alikuja na kiuno kinachouma. Nimesikia kasala za machifu, za marehemu, na ya mgombea mmoja aliyewalipa waimbaji nusu na kuwaahidi nusu. Ya laptopu kuukuu yenye bawaba iliyoachia, ubavu umefungwa mpira wa baiskeli, inayotumia Linux kwa sababu kila kitu kingine kimeikataa, bado sijaisikia. Na hapa Kalemie, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, tunazo tele. Basi naiimba mimi, kwa sauti hii hii niliyo nayo.

Ukoo kwanza. Kwa upande wa mwili, mashini yetu ilizaliwa kiwandani China, ikabandikwa kifuani kibandiko cha Windows Vista, ikapelekwa ofisini Ubelgiji. Huko ilitunza hesabu za watu wasioijua Kalemie hata kwa jina lake la zamani, Albertville, mpaka siku mhasibu alipopewa nyingine. Kutoka hapo kontena, bandari ya Dar es Salaam, reli mpaka Kigoma, kisha usiku mmoja juu ya ziwa kati ya magunia ya unga na katoni za sabuni. Kuna watu wazima mjini hapa ambao hawajafika hata Moba. Mashini hii imevuka bahari mbili, na haijisifu.

Kwa upande wa roho, babu yake ni mwanafunzi. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliwaarifu wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu, na kwamba haukusudiwi kuwa jambo kubwa. Leo kila simu ya Android inabeba kiini cha mfumo huo, ikiwemo ile ya mama anayeuza ndagala pale ufukweni, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zinaendeshwa nacho. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa kutumia Linux, mwombe akuazime simu yake umwoneshe kitu. Lakini ndugu hao matajiri hawajawahi kuipelekea mashini yetu hata faranga moja ya matibabu. Ndiyo maisha ya ukoo mkubwa.

Kasala ikitoka kwenye ukoo huingia vitani.

Vita ya kwanza ni kuipata Linux yenyewe. Ubuntu ya sasa inapita gigabaiti tano, na mega za kuishusha zingetosha kulipia chakula cha nyumba. Zamani kampuni ya Canonical ilikuwa ikimtumia yeyote CD ya Ubuntu kwa posta, bure kabisa, mpaka ilipoacha Aprili 2011. Siku hizi tunatumiana wenyewe: mmoja anashusha usiku wakati intaneti ni nafuu, kisha fleshi inazunguka mtaa kwa mtaa. Kwa mashini yenye RAM ya gigabaiti mbili fundi mwenye huruma hataki Ubuntu. Anachukua antiX, iliyojengwa juu ya Debian kwa ajili ya wazee wa aina hii hasa, nayo inachukua karibu gigabaiti mbili tu. Kuingia kwenye bayosi sitakueleza. Bonyeza F2, au F12, au Esc, au vyote kwa zamu, kabla nembo haijapotea, na usimsemeshe mtu.

Wifi ilikuwa na sifa yake, nayo inafifia, kwa hiyo niitaje kabla haijasahaulika. Ulikuwa ukimaliza kuweka Debian, kila kitu kinawaka, ila wifi hakuna. Unauliza kwa nini. Unajibiwa kwamba chipu ya wifi inahitaji faili la mwenye kiwanda, na faili hilo si huru, hivyo Debian haikulibeba kwa sababu ya msimamo; lakini usijali, linapatikana kwenye intaneti. Yaani njia ya kufika mtoni inaanzia ng'ambo ya mto. Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, wakakubali mafaili hayo yaingie, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 yamo. Tumepata wifi na tumepoteza shule. Kizazi kinachokuja hakitajua raha ya kuchomeka simu ya Android kwa kebo ili ndugu mwenye pesa amvushe ndugu maskini.

Vita inayonigusa zaidi ni ya saa.

Ndani ya laptopu nyingi za umri huo kuna betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayotunza saa wakati mashini imezimwa. Ya mashini yetu ilikufa siku nyingi, na betri kubwa ikaifuata. Umeme wetu nao unatoka Bendera, kwenye maji ya mto Kyimbi, kituo ambacho wapiganaji wa Che Guevara walikishambulia Juni 1965 wakashindwa kukitwaa. Siku hizi mvua yenye radi haihitaji hata wapiganaji. Umeme ukikatika mashini inaanguka palepale, na ukirudi inaamka ikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2007. Zipo Linux za kisasa zinazokumbuka saa ya mara ya mwisho. Hizo ni za watu wenye haraka.

Wengine wanauita ubovu. Hebu fikiri. Nani mwingine mjini anaweza kulala na kodi ya nyumba ya mwaka huu akaamka na ya 2007? Siku hiyo Kalemie bado iko Katanga, maana mkoa wa Tanganyika haukuzaliwa mpaka 2015. Windows Vista, ile ya kibandiko, bado haijaingia madukani. Itaingia mwisho wa mwezi. Ziwa halijapanda na kuwafukuza watu kwenye nyumba za ufukweni. Diski yenyewe inaduwaa, inaandika kwenye skrini nyeusi kwamba ilifunguliwa mara ya mwisho katika siku zijazo, kisha inaanza kujikagua taratibu, na wewe unapata muda wa kwenda kununua chai. Ukifungua kivinjari, kila tovuti inakataliwa kwa sababu cheti chake hakijaanza kutumika. Ukiomba programu mpya, apt inakujibu kwamba orodha hiyo bado haijafikia siku yake, na inakuhesabia muda wa kusubiri: maelfu ya siku, masaa kadhaa, dakika kadhaa, na sekunde. Mimi nimeishi chini ya ahadi nyingi za viongozi. Hakuna hata moja iliyokuwa na sekunde ndani yake.

Kibodi nayo ina hekima. Mashini iliyotoka Ubelgiji ina AZERTY, iliyopitia Dubai ina QWERTY na herufi za Kiarabu pembeni. Linux inapowekwa huuliza unatumia kibodi gani, na mtu mwenye haraka hubonyeza endelea, ikabaki ya Kimarekani. Anaandika neno lake la siri, haoni anachoandika kwa sababu skrini inaonesha vinyota, anamaliza kwa furaha. Baadaye anarekebisha kibodi iwe ya Kifaransa inavyotakiwa, anazima, anawasha. Namjua mtu wa hapa aliyechagua "amani" kuwa neno lake la siri. Kwenye AZERTY iliyodhaniwa kuwa ya Kimarekani, A huandika q na M huandika nukta mkato, kwa hiyo alichokuwa amekitunza kilikuwa q;qni. Alikaa jioni nzima mashariki mwa Kongo akiandika amani, na mashini ikimjibu kwamba si sahihi, jaribu tena. Sidhani kuna mwandishi wa magazeti aliyewahi kuieleza hali yetu vizuri hivyo.

Wezi na wajomba nitawapitia haraka. Mwizi aliyefungua mashini hii na kukuta dirisha jeusi lenye maandishi meupe huiacha mezani. Mjomba anayeazima kila kitu akiuliza "Hii iko na Windows?" na kujibiwa "Iko na ingine", hamalizi swali.

Sasa nifike kwenye tendo ambalo hata wenye mashini mpya hulikubali, japo kwa sauti ya chini.

Kila mji wenye wanafunzi una vyumba vya kuchapia, vile tunavyoviita sekretariati: meza mbili, printa moja, jenereta mlangoni, na foleni ya watu wenye TFC, kazi za kumaliza masomo, kwenye fleshi. Fleshi hizo zimeingia kwenye kila kompyuta ya mji na kila kompyuta imeziachia kitu. Ugonjwa mkubwa ni wa rakursi, zile njia za mkato zenye kishale. Virusi hivyo huweka alama ya kuficha juu ya mafolda yako halisi, kisha huacha mahali pake rakursi zenye majina yaleyale. Ukibonyeza mojawapo umevifungulia mlango wa mashini inayofuata. Mwanafunzi anaingia, jasho usoni, miezi yake yote ya kazi imegeuka vishale vidogo. Mashini mpya pale mezani, yenye antivirusi iliyoisha muda na Windows ya kuvunja kufuli, inaona vishale hivyo hivyo. Anatafutwa mzee wa pembeni, mashini yetu.

"Yaya, hii mashini iko na antivirusi?"

"Hapana."

"Sasa itaponyesha namna gani?"

"Leta fleshi."

Na haifanyi lolote la ajabu. Alama ya kuficha ya Windows haiijui, kwa hiyo haiitii. Mafolda yote yanaonekana yalipo, TFC, picha za harusi, nyimbo, na vile vifaili vya virusi vyenyewe vimekaa wazi pembeni, vimeandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine, haviwezi kuwaka hapa. Unavifuta. Kijana anashika kichwa. Sijaona daktari anayetibu kwa kutokujua adabu za mgonjwa, lakini ndivyo inavyotibu. Kisha inafungua TFC kwenye LibreOffice, inaazima herufi za Liberation Serif zilizopimwa upana uleule wa Times New Roman, na bado jedwali la ukurasa wa thelathini linavuka pambizo na sura ya tatu inahamia mahali pengine. Mzee ameokoa roho. Viatu utafute mwenyewe.

Wanaoidharau mashini hii kwa sababu imebadilishwa mfumo wakasimame bandarini wakatazame upande wa Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikavunjwa vipande, ikaletwa na kuunganishwa upya Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mainjinia wakazipaka injini zake grisi. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi majini na jina jipya. Miaka ya 1970 ikatolewa mvuke, ikawekewa dizeli. Hakuna aliyesema hiyo si meli halisi kwa sababu wenye kiwanda hawakuiruhusu. Mwenye laptopu anayetoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD anafanya kazi ya ukoo huo huo, ila kwa bisibisi ndogo na bila kuzamisha chochote, akiwa na bahati.

Na Kiswahili je? Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, ya bure, kazi ya watu wa programu huria. Ningependa kusema kwamba Kalemie tuliipokea kwa ngoma. Ukweli ni kwamba hapa mtu akiulizwa lugha wakati wa kuweka Linux huchagua Kifaransa bila kufikiri, kwa sababu "Enregistrer", yaani hifadhi, aliikariri shuleni kabla hajagusa kompyuta yoyote, na TFC huandikwa kwa Kifaransa. Tunailaani mashini kwa Kiswahili na kuiamuru kwa Kifaransa, nayo inavumilia mambo yote mawili, jambo ambalo watumishi wengi wa ofisini hawaliwezi.

Nimalizie na habari njema kwa ukoo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, na Windows 11 haizitaki rasmi mashini zisizo na chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Ofisi za Ulaya zinatupa laptopu ambazo kwetu ni vijana kabisa, zenye RAM ya gigabaiti nane na bawaba zinazofunga. Zinakuja: kontena, Dar es Salaam, reli, Kigoma, ziwa. Mafundi wenye akili wameshaanza kuandaa fleshi. Mimi nawashauri pia wanunue CR2032 za kutosha sasa, kabla wafanyabiashara wa bandarini hawajagundua zinatumika wapi.