Kioo, Gundi na Taa ya Vifaranga

Jumatatu, Kitengela
Dirisha la kanisa limerudishwa kutoka Kajiado. Vipande vinene vya kioo nilivyoviunga kwa epoksi vimepasuka mahali patatu, pote upande unaopigwa na jua la alasiri. Mzee wa kanisa hakunilaumu. Alilishusha kwenye pikapu, akasema, "Fundi, hiki kitu kinavutana chenyewe."

Amesema kweli. Epoksi hutanuka karibu mara sita ya kioo. Kwa urefu wa sentimita 60, joto likipanda digrii 36 tangu alfajiri, kioo kinataka kuongezeka milimita 0.2, gundi milimita 1.2. Na vimeshikana.

Jumanne
Ili niuone mvutano huo, nimebandua utando wa polaroidi, ule unaochuja mwanga, kwenye televisheni iliyokufa. Umechanika mara mbili. Kilichosalia ni kama kiganja. Stima imepotea saa nne, nikatumia betri ya kompyuta. Mwanga wa skrini ya kompyuta tayari umechujwa ukabaki wa uelekeo mmoja, kwa hiyo ukiuzungusha utando mbele yake, hufika mahali skrini ikawa nyeusi. Kioo kilichotulia, kikiwekwa katikati, hubaki cheusi. Kilichobanwa hung'aa. David Brewster wa Uskochi alilieleza jambo hili mwaka 1816.

Kwenye kona ya dirisha langu nimeona ukingo mweupe kama mwezi mchanga, na pale ufa unapoanzia, manjano. Nimeutazama hadi betri ikaisha. Mwezi mzima mkazo ule ulikuwa mbele ya macho yangu.

Jumatano
Mama jirani ameniazima taa ya vifaranga, wati 250. Nimepasha sampuli ya kioo kilichoungwa kwa epoksi hadi digrii 50. Weupe ulianza kwenye kiungo, ukatambaa ndani ya kioo taratibu. Nilitaka kuona pia unavyorudi kikipoa. Saa kumi na moja mama akaifuata taa yake. Baridi ilikuwa imeingia na vifaranga vilikuwa vimerundikana. Nimempa mara moja. Kupoa sijakupima.

Alhamisi
Utando huonyesha mkazo ulipo, lakini mimi nataka milimita. Kuna njia iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani: unanyunyizia uso madoa bila mpangilio, unapiga picha kabla na baada ya joto, kisha kompyuta inafuatilia kila doa limehamia wapi. Nimepaka ukanda wa gundi tupu rangi nyeupe, nikarusha nyeusi kwa mswaki. Nilipoingia ndani kuchukua simu, kuku alipita juu yake. Madoa yanatakiwa yawe madogo na yanayokaribiana ukubwa. Unyayo mmoja umefunika eneo lote la katikati. Nimekwangua, nimepaka upya.

Ijumaa
Taa nimeiazima tena. Vipimo vya asubuhi vyote nimevitupa. Rula ya chuma niliyoilaza pembeni ilionekana imetanuka zaidi kuliko gundi, jambo lisilowezekana. Kosa lilikuwa hewa ya moto iliyopanda kati ya ukanda na simu: inapinda mwanga, na madoa yanaonekana kucheza. Nimeweka feni ya kuipeperusha. Feni ikatikisa stendi ya simu. Nimeifunga stendi kwenye tofali, nikarudia mara nne. Ukanda wa sentimita 20 umeongezeka milimita 0.4, sawasawa na hesabu. Nimefurahi sana.

Usiku nimeunga sampuli nyingine kwa silikoni. Nayo hutanuka, tena sana, ila ni laini. Hunyumbulika yenyewe bila kukivuta kioo.

Alhamisi iliyofuata, Kajiado
Silikoni ya sampuli imekauka. Kwa digrii 50 kioo kimebaki cheusi mbele ya skrini, kona zote. Nimeliunga dirisha lote upya, likakauka, nikalipakia kwenye matatu hadi Isinya, kisha Kajiado, nikilishika mapajani. Chaja ya kompyuta imebaki nyumbani.

Mzee alitaka kuona kwa macho yake. Nikakumbuka kwamba mwanga wa anga la buluu lililo digrii 90 kutoka kwenye jua nao huja kama umechujwa. Tulielekea kaskazini, yeye akainua dirisha, mimi nikazungusha utando. Anga halizimi kabisa kama skrini, lilififia tu. Hatukuona weupe. Kisha nikamwekea kipande kimoja cha zamani kilichopasuka, nilichokibakiza na epoksi yake. Mwezi mchanga ukatokea.

Akaushika utando mwenyewe, akauzungusha, akaurudisha. "Saa tisa," akasema, "jua likifika upande huu, tuangalie tena." Nimebaki kumsubiri.