Mwambieni Binti Ukweli Kabla Hajapanda Gari

Kaondoka tena. Binti wa nyumba ile ya mteremkoni kapita hapa asubuhi na begi lake, hakusalimia mtu, kapanda bodaboda kuelekea stendi ya Nyegezi, hapahapa Mwanza. Na kabla bodaboda haijakata kona mlishaanza: mabinti wa siku hizi wavivu, mabinti wa siku hizi simu tu. Mxiuu! Kuna hata mmoja hapa aliyewahi kuuliza kazi aliyopewa mle ndani ni kazi gani?

Mtoto wa nyumba ile ana mtindio wa ubongo. Ana miaka saba, shingo bado haijakaza, hasemi, hakai bila kushikwa, na kifafa humkamata, hasa akipandwa na homa. Mama yake anauza samaki, anatoka alfajiri kuwahi mwaloni. Sasa mama huyu akipiga simu Sengerema au Ukerewe kuomba binti, anasema nini? Anasema kuna mtoto mmoja tu, kazi si nyingi. Namwelewa, maana akisema yote simu inakatwa. Lakini binti anafika jioni, chandarua kinafunuliwa, anakutana na mtoto ambaye hajawahi kuona wa namna yake. Kesho yake mama hayupo. Keshokutwa binti anahesabu nauli. Na kama kwao ni Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hana hata kivuko cha kusubiri akatulia na kubadili mawazo.

Mmewahi kumwona mtoto wa namna ile akilishwa? Mimi nimemwona, nikakaa mpaka mwisho. Unaegemea ukuta, unampakata, kichwa chake kwenye kiwiko chako, kiwiliwili kimeinuka. Ukimlaza chali, uji unaingia njia ya hewa. Kidevu unakiinamisha kidogo. Kijiko cha chai, tena nusu yake. Unamtilia, ulimi unausukuma nje, unafuta, unarudisha. Unatazama koo mpaka limeze, ndipo unachota kingine. Akikohoa unasimama kwanza. Kikombe kimoja kinakula karibu saa nzima, na katikati uji unapoa, unarudi jikoni. Mchana ni sato: mnofu unachambuliwa kwa vidole, unarudiwa tena, unapondwa, maana mwiba mmoja tu ukimpita ni balaa. Akishiba halazwi, anakaa wima kwanza. Hapo hujagusa nepi, hujamgeuza asipate vidonda, hujamnyoosha viungo kama walivyoelekeza hospitali, hujafua. Na baba mwenye nyumba anataka ugali wake saa saba.

Kazi hiyo ndiyo mnayotaka ifanywe na binti wa miaka kumi na mitano kwa elfu arobaini. Loh!

Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayekuja na kurudi kwake. Hiyo ilikuwa sakafu ya wakati huo, jamani, mtu asishuke chini yake. Haikupangwa kwa kumtazama mtoto anayelishwa saa nzima kwa kila mlo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ni nyumba gani hapa Butimba inayompa dada wa kazi Jumapili yake nzima? Anayelea mtoto wa aina hii anaihitaji kuliko wote. Mtu asiyelala usiku kwa sababu ya kifafa cha mtoto, mchana uvumilivu unamwisha, na ukimwisha anayepigwa ni yule asiyeweza kusema kwamba amepigwa.

Mnaikumbuka video ya Kampala ya mwaka 2014, dada akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo, kamera ya siri ya baba ikamnasa? Afrika Mashariki nzima ililia, na mahakama ikampa kifungo cha miaka 4. Tangu hapo mwenye uwezo anakimbilia kununua kamera. Inunueni, sipingi. Ila kamera haimfundishi mtu kulisha. Mwalimu anayekwenda kumfundisha mtoto huyu anasomeshwa kwanza, kuna chuo kizima cha elimu maalumu pale Patandi, Arusha. Dada anayekaa na mtoto huyohuyo kutwa kucha nani amemwelekeza? Anaonyeshwa kopo la uji na mahali pa kuanikia nepi, basi.

Na kifafa ndiyo kabisa. Binti amekulia kijijini akiambiwa povu la mwenye kifafa likikugusa nawe unakipata. Mtoto anaanza kutetemeka, binti anakimbilia nje, mtoto anabaki peke yake karibu na jiko la mkaa. Mnamwita katili. Mngemwambia siku ya kwanza kwamba povu haliambukizi, kwamba mtoto analazwa ubavu, jiko na vitu vigumu vinasogezwa mbali, hatiwi kijiko mdomoni, na kwamba degedege likipita dakika 5 ni kumkimbiza hospitali, angebaki. Maelezo hayo ni ya muda wa kunywa kahawa. Mama akienda hospitali ya Bugando au Sekou Toure kwenye mazoezi ya viungo, aende na dada, dada aonyeshwe na mtaalamu, aulize mwenyewe. Asiachwe nyumbani aje asimuliwe.

Halafu tuje kwetu sisi tuliokaa hapa. Nani anayemwambia binti akija dukani, "Ee, wewe ndiye unayekaa na yule mtoto? Angalia, nyumba ile ina mkosi"? Ni sisi. Mama anamtafuta binti kwa miezi, anamlipia nauli, anamzoesha, sisi tunambomolea kwa sentensi moja tukisubiri chenji. Tena wengine wanaongeza kwamba mama aliyakanyaga makafara, kwamba ukoo ulitoa mtoto kwa ajili ya utajiri. Utajiri upi, ndugu zangu, kwa mwanamke anayekimbizana na ndoo ya samaki? Mtoto alichelewa kulia siku aliyozaliwa, ubongo ukakosa hewa. Wengine ni manjano kali ya uchangani, wengine malaria iliyopanda kichwani. Mkosi haumo.

Kanda yetu hii maneno ya namna hiyo yameua. Desemba 2014 mtoto wa miaka 4 mwenye ualbino aliibwa usiku nyumbani kwao Kwimba, mkoa huuhuu wa Mwanza. Mei 2024 mwingine, hajafikisha hata miaka 3, alinyakuliwa Muleba na kuuawa, na miongoni mwa walioshtakiwa alikuwemo baba yake mzazi. Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye ualbino akimuuliza dalali wa mabinti wa kazi maswali mengi kuhusu binti anayemleta, kwao ni wapi, nani anamfahamu, mwenyekiti wa mtaa ana habari zake, msiseme anaringa.

Nanyi wanaume wenzangu, hapa nisikilizeni vizuri. Nyumba nyingi zenye mtoto wa hivi zinahangaika na dada wa kazi kwa sababu baba aliondoka. "Kwetu hawazaliwi hivyo," akabeba nguo zake. Aliyebaki naye anasema malezi ni ya mama. Mwanaume mwenye mikono miwili anaweza kumpakata mwanawe akamlisha uji wa jioni, dada akaoga, akalala. Sijaona baba aliyepungukiwa chochote kwa hilo.

Mimi kwa mtazamo wangu, watoto wa kijijini waachwe wasome, wasiletwe mjini kuwa dada wa kazi. Mwanza hii ndiko liliko shirika la kutetea wafanyakazi wa ndani la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto, mwanamke ambaye mwenyewe alitumikishwa nyumba za watu akiwa binti mdogo. Anayetaka kujua mabinti hao wanapitia nini akawaulize wao. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mtu mzima, na watu wazima wamejaa mtaani kwetu. Kuna kina mama waliolea wajukuu, wajane, wanawake ambao genge limeanguka na mtaji hawana. Wanakuja asubuhi, wanarudi kwao jioni, majirani wanawajua, mtoto anazizoea sauti zao. Mshahara wa anayekuja na kurudi kwake unaonekana mkubwa kwa muuza samaki, najua. Lakini nyumba mbili zenye watoto wa hali moja zikikubaliana, mama mmoja mwenye moyo anaweza kuwalea wote wawili sehemu moja, gharama ikagawanywa. Zaidi ya wawili hapana, kwa sababu ya huko kulisha.

Na wiki nzima ya kwanza mama mzazi asiende mwaloni. Akae na mlezi, waamke pamoja usiku, amwone anavyolisha. Kama hela ya wiki hiyo haipo, basi sisi tunaochangia harusi za watu tusiowajua tuchange hiyo.

Basi yeyote anayemfahamu mama mtu mzima, mwenye subira, hapa Butimba au Mkuyuni, anayetafuta kazi ya kutwa, amwelekeze nyumba ile ya mteremkoni. Amwambie mapema kwamba mtoto hatembei, hasemi, ana kifafa, na anacheka akisikia redio. Mshahara wapatane wenyewe, usishuke chini ya sheria. Na akija dukani kununua sabuni, mpeni sabuni na salamu, mengine muyanyamazie.