Kanzu Iliyogeuka Damu, na Mashauri Mengine ya Maabara ya Jikoni

Safu hii hupokea malalamiko ya wazazi, ya walezi na, mara chache, ya watoto wenyewe, kuhusu majaribio ya kisayansi na kazi za mikono zinazofanyika majumbani pasipo kibali cha mwenye sufuria. Neno "jaribio" linatumika hapa kwa maana ya kitendo kinachofanywa kwa makusudi ili kujibu swali, ambapo kitu kimoja hubadilishwa na vingine vyote huachwa kama vilivyo. Kwa hiyo kumwaga uji sakafuni si jaribio, ila kumwaga uji mzito na uji mwepesi kwa pamoja juu ya sinia lililoinamishwa, ili kuona upi utatangulia kufika chini, ni jaribio kamili, hata kama anayepiga deki haoni tofauti.

Shida ya kwanza: kanzu na jirani

Mama mmoja wa Tanga, aliyetia saini kwa jina la "Mfuaji Aliyechoka", anaeleza kwamba binti yake wa miaka 8 alimwagia mchuzi wa manjano kanzu ya baba ya Ijumaa, na kwamba doa lilipopakwa sabuni ya mche ili litoke, liligeuka jekundu kama damu mbele ya jirani, ambaye tangu siku hiyo hakanyagi tena uani. Anauliza kama aitwe dobi au mganga.

*Jibu.* Wote wawili waachwe wapumzike. Bizari ya manjano ina rangi iitwayo kurkumini, ambayo hubaki ya njano ndani ya asidi, yaani vitu vyenye uchachu kama ndimu, siki na ukwaju, lakini hugeuka nyekundu iliyokaribia hudhurungi inapokutana na besi, yaani vitu vya kundi linalopingana na asidi, kama vile sabuni ya mche na magadi ambayo wapishi hutia kwenye maharage ili yaive upesi. Kitu kinachobadili rangi kwa namna hiyo, na hivyo kumwambia mtazamaji amekutana na asidi au besi, huitwa kiashirio. Na kanzu ya baba, bila kujua, ilikuwa imepanda cheo na kuwa kiashirio chenye mikono miwili.

Mlalamikaji anashauriwa kuiokoa kanzu na kumpa binti karatasi badala yake. Mtu mzima achanganye nusu kijiko cha chai cha manjano na spiriti kidogo ya kusafishia vidonda, mbali na jiko kwa kuwa spiriti hushika moto upesi, kisha vipande vya karatasi nyeupe vichovywe humo na kukaushwa kivulini. Binti ataweka tone la maji ya sabuni kwenye kipande kimoja, la magadi kwenye cha pili, la siki kwenye cha tatu na la maji matupu kwenye cha nne, na kabla ya kila tone atatamka rangi anayoitazamia, kwa maana utabiri uliotolewa baada ya tone kudondoka ni masimulizi tu. Mwishowe tone la ndimu lidondoshwe juu ya wekundu, na unjano utarudi pale pale, jambo ambalo jirani naye angefaa kualikwa kulishuhudia. Kanzu yenyewe isuuzwe mpaka sabuni iishe, kisha ianikwe juani siku kadhaa, kwa sababu mwanga wa jua huivunja kurkumini taratibu na kulififisha doa.

Shida ya pili: sanduku la sayansi

"Baba wa Watatu", Nairobi, analalamika kwamba watoto wake wameliona dukani sanduku la vifaa vya sayansi lenye picha ya mtoto aliyevaa koti jeupe, na kwamba bei yake inatosha kununua unga wa ugali wa mwezi mzima. Anauliza kama mtoto asiye na sanduku hilo anaweza kuwa mwanasayansi.

*Jibu.* Koti jeupe, kama ilivyoonekana hapo juu, ni hatari kwa mwenye nyumba yenye manjano. Kinachohitajika ni chupa tatu za soda za plastiki za nusu lita, puto tatu, sukari na hamira, ambayo watu wengi huichukulia kuwa aina ya unga ilhali ni viumbe hai wadogo sana wa jamii ya kuvu, wanaokula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, ile ile inayotoboa vishimo ndani ya andazi. Kila chupa itiwe kijiko kimoja cha chai cha hamira, viwili vya sukari na maji ya kiasi kile kile; tofauti iwe kwenye joto tu. Chupa ya kwanza itiwe maji yaliyotoka kwenye jokofu na ya pili maji ya uvuguvugu, lakini kwa chupa ya tatu mtu mzima aikoroge hamira ndani ya kikombe cha maji yanayochemka, aiache ipoe, ndipo aimimine, maana maji ya moto huikunja plastiki. Puto zivishwe midomoni na watoto wasubiri saa moja, kazi ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Puto la uvuguvugu litasimama kama askari wa gwaride, la baridi litajikongoja, na la tatu litalala ubavu wake siku nzima, kwa kuwa hamira iliyochemshwa imekufa. Watoto watakuwa wamejifunza kwa macho yao kile ambacho kila mpika maandazi anakijua kwa mikono, yaani kwamba unga uliokandwa kwa maji yanayochoma hauumuki. Fedha iliyobaki inunue unga, na waya uliobaki kwenye ua utengenezwe gari lenye magurudumu ya ndala kuukuu, ambalo humfundisha mtoto kazi ya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, kwa namna ambayo picha ya sandukuni haiwezi.

Shida ya tatu: mtoto mbishi

"Shangazi Mwenye Msimamo", Morogoro, anaripoti kwamba mpwa wake wa miaka 12 ameng'ang'ania kwamba maziwa ya moto huganda kuwa barafu mapema kuliko ya baridi, na kwamba alipoambiwa anyamaze aliomba nafasi ndani ya friza. Shangazi anauliza ni adhabu gani inayofaa.

*Jibu.* Adhabu isubiri, kwani mkoa wa Tanga unayo kumbukumbu ya kesi kama hiyo. Mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa shule ya sekondari ya Magamba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, na kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friza aliingiza mchanganyiko wake wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasa likaugeuza mkasa wake kuwa utani. Lakini alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni wa shule, mwanafizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam, ambaye badala ya kucheka aliagiza lipimwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja, na leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la athari ya Mpemba.

Shangazi anaweza kufarijika kwamba wanasayansi hadi sasa wanabishana kuhusu sababu zake, na kwamba wapo waliopima wasiione kabisa. Hivyo mpwa anaweza kushindwa kwa heshima. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana vitiwe maji ya kipimo kimoja, kimoja ya moto na kingine ya kawaida, viwekwe katika rafu moja, vikaguliwe kila baada ya dakika 15, na zoezi lirudiwe siku tatu huku kila kitu kikiandikwa. Bilauri zisitumike, kwa kuwa kioo chenye maji ya moto kikipoa ghafla huweza kupasuka, na shangazi atakuwa amepata sababu halali ya adhabu.

Shida ya nne: kijiti cha adhuhuri

"Bibi wa Unguja" anahofia afya ya mjukuu aliyechomeka kijiti wima uani na kukaa karibu nacho kila saa sita mchana, saa ambayo wazee wameionya tangu zamani kuwa ni ya mashetani kupita.

*Jibu.* Mjukuu anapima jua. Unguja iko kusini kidogo ya ikweta, na kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, takriban wiki ya kwanza ya Machi na wiki ya pili ya Oktoba, na siku hizo kivuli cha kijiti kilichosimama wima hunywea mpaka kikawa kama kimemezwa na mguu wake. Akiweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, bila kulitazama jua lenyewe na akiwa amevaa kofia, atagundua kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakifiki saa sita kamili ya ukutani, bali baadaye kidogo. Sababu ni kwamba majira ya Afrika Mashariki yamepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Unguja iko karibu na nyuzi 39, na kila nyuzi moja hugharimu dakika 4. Kwa hiyo mashetani, ikiwa yanafuata jua, huchelewa Unguja kwa wastani wa dakika zipatazo 23, muda unaotosha mjukuu kula chakula chake.

Shida ya tano: mnyang'anyi

Barua ya mwisho, yenye alama za gundi ya unga, imetoka kwa "Fundi wa Miaka Tisa", Mombasa, aliyeunda tiara, ambayo wengine huiita kishada, kwa njiti za ufagio wa chelewa, karatasi nyepesi na uzi, na ambaye baba yake aliomba kuishika "kidogo tu" alasiri, akairudisha magharibi.

*Jibu.* Ugonjwa huu huwapata wazazi wengi, na dawa yake imo ndani ya sayansi yenyewe. Mkia wa tiara si pambo, bali huvutwa na upepo na kuifanya ielekee upande mmoja. Ukikosekana, tiara nyingi hupepesuka, huzunguka na kuanguka kichwa chini. Fundi anashauriwa kuunda tiara mbili zenye ukubwa mmoja, njiti sawa na uzi sawa, moja yenye mkia na nyingine isiyo nao, ili kitu kimoja tu kitofautiane, kisha zirushwe wakati mmoja, mahali pasipo nyaya za umeme. Baba apewe isiyo na mkia, na matokeo yaandikwe daftarini.