Sifa za Bwana Sifuri

Ukiteremka ufukweni Uvira asubuhi, mitumbwi ikirudi, utasikia mukeke akisifiwa na sangala akipandishiwa bei. Hata ndagala ana wa kumtetea. Ila kilichomo ndani ya vichwa vya samaki hao hakina msemaji. Basi nimejitolea kuwa msemaji wa mshipa wa fahamu uitwao neva terminali, ambao mimi naupa heshima ya jina la Bwana Sifuri.

Si tusi. Ndiyo namba yake. Mwaka 1778 mtaalamu wa anatomia Soemmerring alipanga mishipa ya fahamu ya kichwani, akapata 12, wa kwanza ukiwa wa kunusa. Miaka 100 baadaye, 1878, Gustav Fritsch akamwona huyu kwenye ubongo wa papa. Viti vyote vilikwisha kukaliwa, naye akajikuta mbele kabisa, kabla ya wa kwanza. Waheshimiwa wangapi wa mji huu wamewahi kuketi mbele ya namba moja? Mwaka 1894 Felix Pinkus akamkuta kwa kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye ukoo wake haukosi katika matope ya delta ya Ruzizi. Hatimaye akaonekana hata kwa binadamu.

Tazama unyenyekevu wake! Ni mwembamba kuliko uzi wa wavu wa ndagala. Hupita chini ya ubongo, akapenya mfupa wenye matundu kama chekeche, akaishia kwenye ukuta wa kati wa pua. Mwanafunzi wa udaktari akibandua utando wa ubongo humng'oa pamoja nao, kisha huandika kwamba hakuona kitu.

Anaishi puani, lakini kunusa si kazi yake. Pomboo amepoteza neva ya kunusa, ila Sifuri yumo, tena mnene. Yuko pale kwa nini? Hapo wataalamu bado wanabishana. Linalojulikana ni kwamba chembe zinazotoa homoni ya kuamsha ubalehe huzaliwa puani mwa kijusi, zikafuata nyuzi hizi kama njia ya miguu hadi ubongoni. Zikikwama, mtoto hukua bila kubalehe, mara nyingi bila kunusa pia. Ndio ugonjwa wa Kallmann. Kwa hiyo, ndugu mwenye ndevu, kuna njia unayodaiwa ushuru.

Na malipo yake? Katika ziwa letu la Tanganyika kuna samaki mdogo, Astatotilapia burtoni, aliyepewa jina la Burton, yule Mwingereza aliyefika Uvira 1858 akitafuta chanzo cha Nile. Dume mnyonge wa samaki huyu akinyakua eneo, hubadili rangi ndani ya dakika chache, na baada ya siku kadhaa chembe za homoni hiyo zilizoko ndani zaidi ya ubongo hunenepa. Ndugu zao wanaokaa kwa Sifuri hawanenepi hata kidogo. Bosi amepanda cheo, bawabu yuko palepale.

Leo ukila kichwa cha mukeke, nyonya polepole.