Beberu, Spika na Harusi ya Kiholanzi

Ni Ijumaa jioni, nyuma ya nyumba moja ya Kumsenga, Kibondo, na kesho kuna harusi. Turubai limeshafungwa. Beberu aliyenunuliwa kwa fedha za michango amefungwa kwenye mwembe, karibu na spika kubwa iliyokodiwa Kasulu mjini. Ngoma ya ukoo imelazwa kibarazani, na juu yake pamewekwa trei mbili za mayai. Kamati ya harusi imepitisha, baada ya vikao vinne na soda kreti tatu, kwamba muziki wa kesho uwe wa Kiholanzi.

SPIKA: Mzee, sogea, utakanyaga waya. Kesho hapa hakuna mambo ya kishamba. Mwenyekiti ameiona harusi ya Kiholanzi kwenye simu, roho haikutulia mpaka flashi imejaa. Bibi harusi ataingia kwa ule wimbo wa kinanda wa taratibu, keki itakatwa kwa violini za André Rieu, na usiku Vengaboys watawarusha vijana. Programu imechapwa kwa rangi.

BEBERU: Najua, nakala moja nimeila mchana. Usinishangae, kijana. Nimezaliwa nyuma ya nyumba ya mapadre, na elimu yangu yote nimeitafuna: nusu ya kamusi, historia ya Kanisa kuanzia sura ya tatu, na kitabu kizima cha opera isipokuwa jalada, maana lilikuwa la plastiki. Basi ngoja nikupigie hesabu ya huo Uholanzi wenu. Wimbo wa kuingilia ni wa Mjerumani, Richard Wagner, kutoka opera yake *Lohengrin* iliyooneshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850. Ukitafuta Uholanzi humo utaupata kidogo, kwa sababu hadithi inatokea Antwerp, mji wa Ubelgiji ambao wenyeji wake wanasema Kiholanzi hadi leo. Lakini heri msingeutafuta. Katika opera, wimbo huo unaimbwa maharusi wakisindikizwa chumbani, na ndoa inavunjika usiku uleule. Elsa, bibi harusi wa humo, ameolewa kwa sharti la kutomuuliza mumewe jina wala kwao. Anauliza. Mume anaondoka zake, na bibi harusi anaanguka, anakufa. Sasa hapa Buha, nchi ya Waha, ambako washenga wanachimba ukoo mpaka babu wa babu kabla mnyama mmoja hajatoka zizini, kamati nzima imekaa ikachagua wimbo wa binti aliyeangamia kwa kuuliza jina la mume! Twende kwenye keki. Rieu ni Mholanzi kweli, wa Maastricht, na okestra yake aliianzisha mwaka 1987, ila ameiita kwa jina la Johann Strauss wa Austria, na ile waltzi mliyoipanga ni ya Dmitri Shostakovich, Mrusi. Vengaboys ni kundi la Uholanzi, lakini wanaimba Kiingereza. Flashi nzima ya Kiholanzi haina neno la Kiholanzi hata la kuombea maji.

SPIKA: Nani wa Kumsenga atayajua hayo? Watu wanataka kitu kinachosikika vizuri. Muziki hauna mipaka, mzee.

BEBERU: Hauna mipaka, lakini kwenye harusi una kazi. Mtoto anatoka kwao anahamia kwa watu, na waliokuja si watazamaji, ni mashahidi. Ushahidi wao wanautoa kwa mdomo, kwa mikono na kwa miguu: wanaitikia, wanapiga makofi na vigelegele, wanaserebuka mpaka meza kuu na noti mkononi. Ukiwapigia muziki wasioweza kuuitikia, umewanyang'anya kazi iliyowaleta. Watabaki kwenye viti vya plastiki wakirekodi kwa simu, na bibi mzaa bibi harusi atakaa mikono mapajani, akiuliza kwa sauti ya chini chakula kitakuja lini. Nami ndiye chakula, kwa hiyo swali hilo silipendi. Tena kama kweli mnataka kuwaiga Waholanzi, waigeni kwa lile wanalolifanya. Kwao ni desturi ya siku nyingi ndugu na marafiki kuchukua tuni inayojulikana na kila mtu, wakaitungia maneno mapya juu ya maharusi: walikutanaje, nani mvivu, nani hajui kupika. Karatasi za maneno zinagawiwa, ukumbi mzima unaimba. Watu hao hawajikwezi kiasi hicho. Mwimbaji wao wa mapenzi na vilio, André Hazes, aliyeimba Kiholanzi cha mtaani, alipofariki mwaka 2004 jeneza lake liliwekwa katikati ya uwanja wa mpira wa Amsterdam, na maelfu kwa maelfu wakaujaza kumuaga kwa nyimbo walizozijua kwa moyo. Mholanzi kwenye sherehe yake anataka kuimba kwa lugha yake pamoja na shangazi zake. Anayetaka harusi ya Kiholanzi Kumsenga, basi na aimbe Kiha.

NGOMA: Mjukuu wangu Spika, hebu niondolee kwanza haya mayai nipate kusema. Anachokieleza beberu ndiyo kazi ya wanawake wa hapa, ila sisi hatukuwahi kugawa karatasi. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na kabla jua halijazama bwana harusi ameshatajwa, mama yake ameshatajwa, na yule mjomba aliyetoa ahadi ya ng'ombe akaleta maneno ameimbwa mpaka ameitoa.

JENERETA: Mimi nasikiliza tu. Petroli ikiisha saa tano usiku, mtamfuata bibi Ngoma huyo huyo.

SPIKA: Lakini padre je? Mtu hawezi kuingiza ngoma kanisani mbele ya wageni.

BEBERU: Sura hiyo niliila kwa makini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ibara ya 119, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misioni uheshimiwe na upewe nafasi yake katika ibada. Na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walishatangulia: mwaka 1958, huko Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen, Mbelgiji, alikwisha kurekodi na kwaya yake *Missa Luba*, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo. Mnataka Mholanzi kabisa? Mnaye wenu. Askofu Jan van Sambeek, aliyeliongoza Kanisa Katoliki la Kigoma kuanzia 1946 hadi 1957, aliandika sarufi ya Kiha. Ametoka Uholanzi, amekaa huku akaumiza kichwa na viambishi vya Kiha, halafu wajukuu wa waliomfundisha wanaona haya kuitamka lugha hiyo mbele ya keki!

SPIKA: Mzee, usijifanye mtakatifu. Gitaa si letu, kinanda si chetu, mimi mwenyewe nimetoka kiwandani mbali huko. Tukiyakataa ya kigeni tutabaki na nini?

BEBERU: Nani amekukataa? Kuazima hakuna ubaya, ubaya ni kuazima ukakaa kimya. Gitaa limepitia Kongo, likavuka ziwa, watu wakalijifunza, wakalitilia maneno yao. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akina Diamond, Ommy Dimpoz, Mwasiti na Linex, walirekodi *Leka Dutigite* kwa vyombo vya kisasa vya studio, na jina ni la Kiha. Wimbo huo ukiupiga kesho nitakuunga mkono hata nikiwa sufuriani. Chombo chochote kitufae. Ninachokipinga ni muziki unaochaguliwa kwa sababu hakuna atakayeuelewa, maana hapo kinachosherehekewa si ndoa, ni kamati kuonekana imeona mbali.

SPIKA: Wageni wa Dar es Salaam watatuonaje?

BEBERU: Hapo ndipo penye kidonda, na sasa nasema bila kutafuna. Waltzi na vinanda wanavyo huko huko mjini, kila Jumamosi, kila ukumbi, kwa mashine bora kuliko wewe. Hawakupanda basi na kula vumbi mpaka Kibondo kuja kusikia kilekile kwa sauti ya kukwaruza. Na hawa wa hapa wanaoulipia muziki huo, mbona hamuulizi wanaonaje wao? Michango ya harusi hii imetoka kwa watu waliouza maharage yao mapema kwa bei ya hasara ili wasiitwe wabahili kwenye kundi la WhatsApp. Mtu ametoa gunia lake, halafu siku ya siku anakalishwa mstari wa nyuma, anapigiwa muziki wa kumfanya ajione mgeni kwenye ukoo wake! Hiyo si fahari, ni dharau iliyolipiwa na anayedharauliwa. Na msiniambie vijana hawajui nyimbo za bibi zao. Watazijulia wapi, ikiwa kila harusi ngoma inageuzwa meza ya mayai? Spika, wewe sikulaumu, unasema unachoambiwa. Maneno yangu ni kwa mwenyekiti wa kamati, na muda upo, maana mimi nachinjwa alfajiri lakini harusi ni saa nane. Waite kina mama usiku huu. Wape chai, jina la bibi harusi, ukoo wake, na kasoro moja ya bwana harusi inayotamkika mbele ya padre. Maneno watatunga wenyewe kabla ya kulala. Mayai yapelekwe jikoni.