Saba hadi moja: kwa mwalimu mpya wa chekechea Kalehe

Dada yangu, diploma ya serikali umeipata, na sasa umeitwa kufundisha gadiene, watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Hongera! Wajomba watasema umepewa kazi ya kushika watoto. Waalike waje wakae nao asubuhi moja tu. Kabla ya saa nne watakuwa wamekuomba radhi. Wewe shika haya, tuhesabu kurudi nyuma.

7. Kaptula za akiba. Mtoto hutoa taarifa jambo likiwa limeshamalizika. Usimwaibishe mbele ya wenzake. Mbadilishe pembeni, na wimbo uendelee.

6. Maharage. Mpe mtoto wa miaka mitatu maharage kumi: tisa yatabaki mkekani, moja litapanda puani. Kwa wadogo tumia mbegu za avoka na magunzi ya mahindi, vitu visivyoingia tundu lolote la kichwa. Usingoje vifaa vya kuchezea vitoke Bukavu. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907, katika mtaa wa wafanyakazi maskini wa San Lorenzo huko Roma, alishikilia kwamba mikono ndiyo inayofundisha kichwa. Mikono ya hapa Kalehe nayo inafundisha vizuri kabisa.

5. Pesa. Uliza mapema, na uulize kwa sauti. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Chekechea nyingi zinaishi kwa mchango wa wazazi. Muulize mkurugenzi: mwalimu analipwa kiasi gani, tarehe ngapi, na wazazi wakichelewa inakuwaje? Kuwapenda watoto na kudai mshahara ni kazi za mtu yuleyule, na ugali hauivi kwa nyimbo.

4. Lugha. Mzazi anataka kusikia “bonjour” siku ya kwanza, na utampa, kwa wimbo. Ila mtoto anayelia kwa Kihavu abembelezwe kwa Kihavu. Tumbo likiuma halingoji mkalimani. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na za mazingira katika kufundishia, kwa hiyo simama wima ukimweleza mzazi huyo.

3. Tatu iko ziwani. Wavuvi wa sambaza wameunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu. Wapeleke watoto ufukweni, wahesabu: mmoja, wa pili, wa tatu. Na washike mikono wale wanaotaka kuhesabu kutoka ndani ya maji.

2. Mvua. Hapa nitakaa kidogo. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, maji na matope yalishuka milimani, yakavifagia vijiji vya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa. Wengi kati ya watoto wako wa leo walikuwa wachanga au hawajazaliwa, lakini wanalelewa na watu ambao mvua ikigonga bati wanasimama na kutazama mlima. Wengine wamefika hapa wakikimbia vita. Hofu hiyo mtoto anaisoma usoni mwa mama yake kabla hajajua kuongea.

Mvua ikianza, usishindane nayo kwa kelele. Waketishe karibu nawe, pigeni mapaja yenu kwa mdundo wa mvua, kisha waambie kitakachofuata: tunabaki hapa pamoja, baadaye fulani anakuja kukuchukua. Na iwe kweli! Patana na kila mzazi ni nani anayemchukua mtoto, na ijue njia ya kupanda sehemu ya juu penye usalama kabla hujajua ratiba ya masomo. Mtoto akichora matope, mwache achore. Akitaka kusimulia, msikilize, asipotaka, usimchimbe.

1. Yule mmoja anayelia mlangoni. Yupo kila mwaka. Mama asitoroke kwa mlango wa nyuma. Aage wazi, aseme atarudi saa ngapi, aende. Wewe mpe mtoto kazi ya heshima: kubeba kikapu cha mbegu za avoka, akimgawia kila mwenzake. Mtu mwenye cheo hana muda wa kulia. Baada ya wiki chache utahangaika naye tena mlangoni, saa ya kwenda nyumbani, kikapu amekikumbatia na mama anavuta upande wa pili.