Namna ya Kupunguza Moshi Bila Kuzima Tanuri

Mheshimiwa, vuta kiti hapa Rubongi, mashariki mwa Uganda, Mwamba wa Tororo ukiwa mbele yako na viwanda vya saruji jirani, tukufundishe kukuza uchumi huku ukisifiwa kwa hewa safi.

1. Taja lengo nono. Serikali ya Uganda inataka uchumi uliokuwa wa takriban dola bilioni 50 mwaka 2023 uwe wa bilioni 500 ifikapo 2040. Jifunze hapo. Mara kumi inaenea vizuri kwenye bango.

2. Ahidi kupunguza hewa ukaa, ila usianzie kwenye moshi wa leo. Anzia kwenye moshi wa kesho, ule unaoubashiri mwenyewe. Uganda iliahidi mwaka 2022 kwamba kufikia 2030 gesijoto zake zitakuwa asilimia 24.7 chini ya kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote. Kenya ilishaahidi asilimia 32 kwa mtindo huohuo. Sasa sogea nikunong'oneze. Moshi wa kesho hukadiriwa kwa uchumi wa kesho. Bashiri ukuaji wa kutisha, na moshi wa kwenye karatasi utapaa. Wewe unashuka kutoka huko juu. Uchumi ukigoma, ndiyo raha yenyewe: umefeli mtihani mmoja na kufaulu mwingine kwa jibu lilelile. Dira ya Kenya ya 2030 ililenga ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka, na mpaka leo haijaugusa. Usisikitike. Hiyo ni tani ngapi zilizookolewa!

3. Kuhusu saruji, kuwa mjanja. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa hutoa kilo 44 za hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata tanuri likiwashwa kwa maombi. Basi usichome. Agiza klinka, yaani mawe ya saruji yaliyokwisha kuchomwa kwingine, ivushe mpaka, isage Tororo. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, moshi huandikwa kwa mwenye tanuri. Wewe unabaki na barabara, ghorofa na utepe wa kukata.

4. Mheshimu kijana wa mpakani Busia mwenye madumu kwenye pikipiki. Mafuta ya magari huhesabiwa nchi yalikouzwa, kwa hiyo kila lita ya Kenya inayopita njia za panya na kuunguzwa Uganda inaharibu daftari la Nairobi. Huyu ni mwanamazingira. Watu wa forodha hawajaelewa.

5. Kuni na makaa? Hewa ukaa yake huandikwa kwenye ukurasa wa ardhi na misitu. Nani husoma ukurasa huo?

6. Malori ya mpakani Malaba yakilalamikiwa, taja reli ya umeme ya kilomita 272 kutoka hapo hadi Kampala, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Oktoba 2024. Usitaje saruji itakayoijenga.

7. Ukibanwa kabisa, sema ukweli: ukiacha ule ukurasa wa misitu, Mganda wa kawaida hutoa takriban tani 0.1 ya hewa ukaa kwa mwaka, Mmarekani zaidi ya tani 13. Ni silaha kali, na unaimiliki kwa hisani ya mama wa Rubongi anayelima muhogo na kupikia mafiga matatu. Kwenye mkutano wa tabianchi mtaje kwa uchungu, sauti ikitetemeka kidogo. Kumpeleka si lazima. Tiketi ni ghali, na kiti chake kimeshachukuliwa na katibu wako.